Bado Yale ya Nyuma

Binti yangu alikuwa anacheka nilipoyaona. Nilikuwa nimemrusha juu, mvua ya masika ikipiga mabati, na yeye akafungua kinywa kwa jinsi watoto wa mwaka na nusu wanavyocheka, hadi kooni. Meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yameliwa. Shule ilipofunguliwa niliyaacha meupe kama punje za mchele. Sasa palikuwa na visiki vya rangi ya chai, vimechongoka, na kimoja kilikuwa kimekatikia kwenye ufizi.

Nikamshusha. Kisha nikamrusha tena, ili acheke, nione vizuri.

“Endelea kumrusha, atakutapikia,” mama yangu akasema kutoka jikoni.

“Mama, meno ya mtoto yamekuwaje?”

“Yamekuwaje? Si ya maziwa hayo. Yanakuja, yanaondoka. Hata yako yaliondoka, na hatukuweka msiba.”

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nafundisha sekondari Mbeya, nikiishi chumba kimoja na mwalimu mwenzangu, kitanda changu na chake vimekaribiana kiasi kwamba akigeuka yeye, naamka mimi. Baba wa mtoto alikuwa mbali, masomoni. Mtoto akawa kwa mama yangu, Iringa, katika vilima vya mianzi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Ipogolo ambako basi lilinishusha. Kila nilipopata siku nilikwenda. Nikiwa Mbeya nilisikia kilio chake katika kila mlango uliolia bawaba. Nikiwa Iringa nilihesabu madaftari niliyoyaacha bila kusahihishwa. Sikuwa mkazi wa popote. Jumamosi, vijana tuliojiona waandishi tulikutana nyuma ya duka la fundi cherehani na kusomeana kurasa zetu. Katika riwaya niliyokuwa naandika wakati ule kila mtu alikuwa na mawazo, na hakuna aliyekuwa na meno.

Jioni ile nikaona mambo yanavyokwenda. Mama alirudi kutoka shambani na ulanzi mpya, ule ambao haujachacha bado, mtamu kama maji ya muwa, umetoka kudondoka kwenye ncha za mianzi aliyoikata mwenyewe. Akaumimina ndani ya chupa ya kunyonyea, chupa niliyoinunua mimi kwenye duka la Mwarabu Mbeya na kuileta kwa fahari. Mtoto akaipokea kwa mikono miwili. Akalala nayo kinywani, mashavu yakicheza polepole, kisha yakatulia, na chupa ikabaki pale pale.

“Kila siku?” nikauliza.

“Kila siku mianzi inapotoa. Unafikiri analala kwa nyimbo?”

“Mama, ni pombe.”

“Pombe ni ya kesho. Huu wa leo ni maji ya Mungu. Nyote mmekunywa, mkakua, mmoja wenu akawa mwalimu, na leo anarudi kunifundisha.”

Alisema hivyo huku akicheka, na alipocheka niliona kinywa chake mwenyewe, pengo juu na pengo chini, na jino moja la pembeni limesimama peke yake kama mlinzi aliyesahauliwa lindoni.

Nilirudi Mbeya na kinywa cha mtoto machoni. Darasani nilijikuta natazama meno ya wanafunzi badala ya kusikiliza majibu yao. Ndipo mwalimu mwenzangu aliponiambia kwamba kuna daktari mgeni aliyepita kwenye kliniki moja ya mama na mtoto pale mjini, akaacha dawa ya kupaka watoto meno yasioze. Daktari alikuwa amekwisha ondoka. Dawa ilikuwa mikononi mwa msaidizi wake, mwanamke wa Kinyakyusa mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Wote tulimwita dada wa meno.

Nilikwenda bila mtoto, jambo lililomuudhi.

“Umeniletea kinywa cha nani?”

Nikamweleza. Aliposikia habari ya chupa aliweka chini kikombe chake cha chai.

“Ulanzi. Jioni. Na akishalala chupa iko wapi?”

“Kinywani.”

“Basi umeyaloweka kama maharage. Mate hupungua mtu akilala, sukari inakaa pale mpaka alfajiri inakula. Ya mbele yamekwenda hayo, usiyalilie. Ya nyuma yameota?”

“Manne.”

“Yana mistari meupe kwenye ufizi, kama chokaa?”

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeiona mistari ile na kudhani ni uji.

“Hiyo chokaa ndiyo jino linalainika,” alisema. “Likilainika bado tunaweza kulirudisha. Likitoboka, ni habari nyingine. Na yapo mengine manne hayajaota, hayo ndiyo atakayotafunia mpaka awe mkubwa wa kukujibu vibaya. Jino la maziwa likioza linauma kama jino jingine lolote, linavimba shavu, linaleta homa. Mlete nimpake. Halafu mlete tena baada ya nusu mwaka, na tena. Na chupa hiyo muitupe.”

Mlete. Neno jepesi. Kumleta ilikuwa kumleta na mama yangu, maana mtoto hakukubali kukaa hata saa moja bila mgongo ule. Na mama yangu hakuwa amewahi kuvuka Makambako. Likizo ya Juni nilimwomba kwa siku nyingi. Alikubali mwishowe, nadhani kwa sababu mianzi ilikuwa imekauka na hakuwa na kazi nyingine ya kunikatalia.

Benchi la kliniki lilikuwa limejaa akina mama waliojifunika vitenge kwa baridi ya Mbeya, watoto wakitokeza vichwa tu. Mwishoni kabisa aliketi mama wa Kisukuma mwenye bangili za shaba, wa zile familia zilizohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakashukia bonde la Usangu, huko chini ya Chimala. Alikuwa na mtoto wa rika la mwanangu. Watu walimwachia nafasi kidogo, kama tunavyomwachia mgeni, tukiita heshima.

Dada wa meno alisimama mbele yetu na bomba dogo la bati, akaanza kueleza kwa sauti yake ya mtoni.

“Hii si uchawi. Ina madini yanaitwa floraidi. Madini haya yanaingia kwenye jino lililolainika yanalikaza. Wala si kitu kigeni, yako hata kwenye maji. Kule kaskazini kwa wenzetu, visima vingine vimejaa tele.”

Yule mama wa Kisukuma, aliposikia kwao kunatajwa kwa wema, alitabasamu. Meno yake yote yalikuwa ya kahawia, yamechorwa mistari kama gome. Na wakati ule ule dada wa meno akafungua kifuniko, akaminya, na dawa ikatoka ya njano, nzito, kama usaha wa jipu.

Macho yalikwenda kwenye dawa, yakaenda kwenye meno, yakarudi kwenye dawa.

“Mimi nimeacha mboga motoni,” akasema mmoja, akainuka.

“Mboga gani saa hizi?” dada wa meno akauliza.

“Ya mchana.”

Mwingine alijifunga mtoto vizuri akatoka. Wa tatu alisema ana binti, na binti huolewa kwa meno. Baada ya huyo waliondoka kama kuku waliorushiwa jiwe, na benchi likabaki na sisi, na mama wa bangili ambaye alikuwa ameelewa kila kitu na kufunga mdomo wake.

Mimi nilisimama. Nilitaka kuwakimbilia, nilitaka kumwambia dada wa meno afungue mdomo wake taratibu kidogo, nilitaka kumwomba radhi yule mama. Sikufanya hata moja. Nilimtazama mama yangu, kwa kuwa sasa yote yalikuwa mikononi mwake: akiinuka yeye, mtoto ameinuka.

Mama alisogea kwenye benchi lililokuwa tupu mpaka akafika karibu na yule mgeni.

“Mwenzangu, nikuulize, usinione vibaya. Hayo meno yanauma?”

“Yaume kwa nini, mayu?” akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Hata siku moja?”

“Mama yangu alikufa mzee anayo yote. Tumemzika kama anatucheka.”

“Mnatafuna nini huko?”

“Ng'ombe aliyechoka kulima.”

Mama alifikiri. Kisha akasema, si kwa mtu yeyote hasa, “Mimi yangu yalikuwa meupe. Watu walikuwa wanayasifia njiani. Yako wapi?”

Akamfungua mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani, akageuka kwa dada wa meno.

“Mpake. Akiwa wa kahawia, ataolewa Usangu.”

Mama wa bangili alicheka hadi akashika ubavu, na safari hii hakuficha meno. Dada wa meno, aliyekuwa amejua kosa lake, alieleza upya, chini chini: kwamba meno ya namna ile hutokana na kunywa maji yale tangu kuzaliwa, miaka na miaka, wakati meno bado yanajijenga ndani, kwamba hii ilikuwa tone tu, inakaa juu ya jino, na njano ile ingetoka kesho kwa mswaki. Alikausha meno kwa pamba, akapaka moja moja kwa brashi ndogo. Mtoto alipiga kelele ya kuitisha kijiji. Chumba kikajaa harufu kali ya utomvu. Mama aliinama, akanusa kinywa cha mjukuu wake, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

“Msindano,” alisema, ndilo jina la msonobari kwetu.

Sikulitilia maanani, mtoto alikuwa analia.

Kiangazi kile nilipumua kidogo. Mianzi ilikuwa imekauka, mtoto alinywa uji na maji, na mama alikuwa amekubali kuiacha chupa ya jioni. Lakini mvua za Desemba zilipoanza kunguruma juu ya mlima Loleza, nilikosa raha hata ya kukaa. Nilisahihisha mitihani nikiwa nimesimama. Nilijua kwamba huko Iringa machipukizi yalikuwa yanachomoza, na mama alikuwa ananoa kisu. Siku shule ilipofungwa sikungoja mshahara, nilikopa nauli.

Mtoto alinikimbilia uani akiwa amefumba mdomo. Nilimwambia cheka, akakataa. Nikamtekenya, midomo ikaachana polepole, kwa nyuzi nyuzi, kama mtu anayefungua bahasha iliyogandishwa vibaya. Meno yake yote, visiki na mazima, yalikuwa yamefunikwa na kitu cheusi-njano chenye vumbi na vipande vya nyasi.

“Mama! Umempaka nini huyu?”

“Kamwene kwanza. Watu husalimiana.”

“Kamwene, mama. Umempaka nini?”

“Dawa.”

“Dawa gani?”

“Ile ile ya Mbeya. Nusu mwaka si umefika? Nilikungoja, hukuja. Nikaenda kwenye misindano ya msitu wa serikali, nikakwangua.”

“Ile dawa iko kwenye bomba, mama.”

“Na kabla ya kuingia kwenye bomba ilikuwa wapi? Si kwenye mti? Mimi nimekaa na utomvu maisha yangu yote, nisijue harufu?”

Nilieleza habari ya madini. Nilieleza kwamba utomvu ule ni wa kushikiza tu, kama gundi ya kubandikia kigae, na kitu chenyewe ni kingine kisicho na harufu. Alinisikiliza kwa upole ambao huwapa watu wanaouza dawa sokoni. Jua lilipoanza kushuka akaenda shambani, akarudi, na mbele ya macho yangu akajaza chupa.

“Mama, tulikubaliana.”

“Ndiyo maana nimempaka kwanza. Sasa anaweza kunywa.”

Nikaona hesabu yake yote, iliyonyooka, isiyo na hila, na kila jioni ya hesabu ile ilikuwa inakula meno ya nyuma chini ya ganda lile la vumbi ambako hata mimi nisingeweza kuona. Niliichukua chupa mkononi mwa mtoto. Akalia. Nilisema maneno mengi, mengine ya kitabuni. Nilisema nitamchukua mtoto nikae naye Mbeya.

“Utamlaza wapi?” mama akauliza. “Juu ya yule mwalimu mwenzako?”

Mtoto alikuwa amekaa chini, anapiga miguu udongoni, analia neno moja tu.

“Unasikia anasema nini?” mama akasema. “Anamwita mama. Kila jioni anaita. Mchana hana habari na wewe, jua likishuka anatazama njia. Mimi nimuitikie vipi? Mimi si wewe. Nampa chupa, ananyamaza. Leo upo hapa, haya, mnyamazishe.”

Nilimbeba. Nilizunguka naye uani mpaka giza likaingia, na hakunyamaza upesi, maana hakunizoea kiasi hicho.

Asubuhi mama alichukua vyombo vyake akaelekea mianzini, nikamfuata kwa kuwa sikuweza kukaa. Alikata ncha ya kila chipukizi kwa wembamba wa ukucha, akatundika chini yake mbeta, kile kipande cha mwanzi mnene kinachokinga matone. Nilitazama kazi ambayo nilikulia ndani yake bila kuitazama. Mbeta nyingi zilikuwa nyeusi ndani, zinanuka uchachu. Moja ilikuwa safi.

“Hii ni ya mtoto,” alisema mwishowe. “Naiosha kwa maji ya moto kila siku. Hizi nyingine haziguswi na maji, ndiyo maana ulanzi wa humo unawaka upesi, wanywaji wanapenda. Huu wa kwake usipooshewa chombo, mpaka jioni umeshauma ulimi.”

Alisimama akiishika ile mbeta safi. Mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye majani.

“Kumnyima siwezi,” alisema. “Mimi ni bibi yake. Acha mwanzi umnyime.”

Akaichovya ndani ya mbeta chafu kuliko zote, akaitikisa, akaitundika.

Jioni ile alimpa chupa kama kawaida, na mimi nikakaa mbali, nimeshikilia magoti yangu. Mtoto alivuta mara moja. Alikunja uso wote, akaitema, akaitazama chupa kama ndugu aliyemsaliti. Akajaribu tena kesho yake, na siku iliyofuata, kila mara akiwa na matumaini madogo zaidi. Alilia jioni hizo zote. Tulipokezana naye, mgongo wa mama na mgongo wangu, na kati yetu kikombe cha maji. Kabla ya wiki mbili kwisha chupa ilikuwa inachotewa mchanga uani, na mtoto alikuwa ameuzoea mgongo wangu.

Ganda la utomvu halikutoka. Tulijaribu maji ya moto, tulijaribu mkaa, likang'ang'ania. Kwa hiyo kabla ya Krismasi tulishuka tena Ipogolo sisi watatu, tukapanda basi la Mbeya. Njia nzima nilikuwa natazama mdomo ule uliofungwa. Jino hukaa kimya mpaka siku ya kuuma. Chini ya ganda pangeweza kuwa na meno manne mazima, pangeweza kuwa na mashimo manne, na hakuna macho ya mama ambayo yangeweza kupenya.

Dada wa meno alitazama, akanusa, akamgeukia mama yangu.

“Bibi, umefungua kliniki yako?”

“Nilifungua. Nimeifunga.”

“Ulikuwa unatoza kiasi gani?”

“Kilio tu.”

Alitia mafuta ya karanga kwenye pamba, akasugua. Utomvu ukaanza kulegea, ukatoka kwa mafundo. Mama alimshika mtoto kichwa, mimi miguu. Sikuweza kutazama na sikuweza kutotazama. Dada wa meno alikuwa na kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda, na alipitisha ncha hiyo juu ya kila jino, akisikiliza kwa vidole.

“Hili gumu,” alisema. “Chokaa ya upande huu imerudi. Hili nalo gumu.”

Kisha akasimamisha mkono. Ncha ilikuwa imeingia mahali. Alirudia, ikaingia tena.

“Hili limetoboka. Dogo. Nitalikwangua, nitalipaka, tutaliangalia.”

“Limetoboka lini?” nikauliza.

“Mimi sikuwepo.”

Mama hakuniangalia, na mimi sikumwangalia. Miguu ya mtoto ilikuwa inanisukuma kifuani, yenye nguvu kuliko nilivyokumbuka.

“La nne?” mama akauliza.

“La nne zima. Na hapa nyuma kabisa kuna jipya linachungulia.” Aliinamisha kioo. “Halijaona kitu bado. Hili ndilo la kulinda.”

“Lipake mara mbili.”

“Mara moja inatosha, bibi.”

“Nimesema mara mbili. Hilo halina hatia ya mtu.”

Dada wa meno alimkausha mtoto ufizi, akapaka, njano juu ya nyeupe, harufu ya msitu ikajaa chumbani. Alikuwa anaingiza kidole kusukuma shavu kando, afike kwa lile jipya, mtoto alipofunga taya ghafla na kwa nguvu zake zote.

“Aii! Ameniuma huyu.”

“Kwa yapi?” mama akauliza haraka, akiinama. “Ya mbele au ya nyuma?”

“Ya nyuma, bibi. Ya nyuma.”

Mama alinyoosha mgongo. Alilegeza kidogo mikono yake kwenye kichwa cha mtoto, na mimi nikasikia, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, kwamba nami nilikuwa nimeuma meno yangu. Dada wa meno alipuliza kidole chake, akachovya brashi, akamwambia mtoto afungue tena.